Tembe Zako, Chebet

Industrial Area, Doha
Ijumaa

Dada Chebet,

Picha ya ndama nimeiona. Amefanana na mamake kabisa. Huku joto limeanza, na chumbani tumebaki watano tangu Bradley arudi nyumbani.

Yale maumivu ya shavu niliyokuambia si jino. Daktari anasema ni mshipa wa fahamu, ndiyo maana nikipiga mswaki narushwa kama nimeshika stima. Nilipofungua dawa aliyoniandikia, nilibaki nimeketi kitandani. Ni zile tembe zako za kifafa, ulizokuwa ukimeza kila asubuhi kabla ya shule. Kumbe hutuliza na maumivu haya.

Yamepungua kweli. Lakini nasinzia nikiwa nimesimama kwenye lango ninalolinda kule West Bay, na majina ya wapangaji yananipotea. Jana supavaiza aliniita mvivu mbele ya wenzangu.

Nikakukumbuka darasani, kichwa juu ya dawati. Kabla Baba hajakutoa shule, aliniuliza kando kama kusinzia kwako ni dawa au ni uvivu. Nilimjibu ni uvivu. Wewe sikuwa nimekuuliza.

Kakako,
Mutai