Shikamoo Moja, Marahaba Mbili

Jang'ombe, Jumatano, 9 Februari 1972

Leo nimetimiza mwaka mmoja na miezi mitatu tangu niondoke Ujiji. Jua limewaka tangu asubuhi na hakuna jani linalotikisika. Nimeoga mara mbili, na bado shati limenigandia mgongoni. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, magharibi haijaingia, kwa sababu leo sitaki kukaa ndani peke yangu na kuta.

Nianze na lililo langu. Mwanangu Mwajuma anaolewa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, na walii wa kumuozesha ni mimi. Kibali changu cha kuvuka kwenda bara kilikuwa mezani kwa Bwana Viktor, mhandisi wetu, kikingoja saini. Alisema waziwazi kwamba nikimpa karatasi ya tatu kwa Kiingereza atatia saini, na Jumamosi napanda meli.

Karatasi ya tatu niliisoma jana. Laiti ningekuwa sijui kusoma.

Mimi si msomi. Nilisoma miaka minne kwa mapadri ng'ambo ya ziwa, baba alipokuwa kuli wa bandari huko Kongo, na baadaye nikapaka grisi mashine za kiwanda kulekule. Kifaransa changu ni cha kukatazwa, kuamrishwa, na kusoma maandishi ya vyuma. Kiingereza nilikiokota Dar es Salaam. Huku Unguja nilikuja kubeba zege kwenye majumba mapya ya Kikwajuni. Siku moja nilisimama mbele ya sanduku lenye maandishi ya Kifaransa nikawa nayasoma kwa sauti ya puani, kama padri wetu, ili wenzangu wacheke. Bwana Viktor alikuwa nyuma yangu. Kesho yake nikatolewa kwenye zege.

Nikapelekwa Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa tatu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka mizigo Bukini, kisiwa kilichotawaliwa na Wafaransa. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa na pumu, kwa hiyo akamletea kutoka huko mashine ya Kifaransa ya kuvuta hewa chafu. Iko darini, nene kama pipa la mafuta. Mabomba yake ya bati yamepita ndani ya kuta, na kila chumba kina mdomo, yaani tundu lenye wavu karibu na dari. Bwana mwenyewe alikufa. Mwaka juzi watoto waliondoka na mama yao, nyumba ikachukuliwa na serikali. Baadaye zikaja habari kwamba Bi Rukia amefia safarini. Aliyebaki ni mpishi wao, Bi Kidawa, Mtumbatu mwembamba mwenye ulimi, anayefagia na kututilia kahawa.

Mashine haikuzimwa muda wote huo. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba tupu ivutiwe hewa.

Bwana Viktor anataka kujua inakula umeme kiasi gani, ili aamue kama majiko ya Kikwajuni yanaweza kuwekewa ya namna hiyo. Basi kazi yangu ikawa maneno: kuzitia katika Kiingereza karatasi tatu za Kifaransa zilizokuja na mashine. Débit haikunisumbua, ni wingi wa hewa inayopita kwa saa. Puissance absorbée niliiandika kwa Kiingereza nguvu iliyomezwa. Bwana Viktor, ambaye Kiingereza chake amejifunza ukubwani kama mimi, akacheka akasema mashine haina koo, akafuta, akaandika nguvu inayoingia. Rendement ilitushinda kutwa nzima. Mwisho nikamwambia ni kile unachopata ukikilinganisha na kile ulichotoa, akapiga meza kwa furaha, neno lake akalijua.

Kazi hii inachosha kuliko zege. Zege ukilitua begani limekwisha. Neno unakwenda nalo nyumbani.

Jumatatu tuliizima mashine kwa mara ya kwanza, ili tusome mita. Sikujua kwamba nyumba ile ina mvumo mpaka ulipokatika. Masikio yaliniziba kama mtu aliyetoka kupiga mbizi. Halafu, baada ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa, ikaja sauti nyingine. Ilikuwa kama mtu anayekata ubao kwa msumeno, mbali sana, bila haraka. Anavuta. Anasukuma. Anavuta.

Haikutoka chumba chochote. Ilitoka midomoni, ghorofa zote kwa pamoja.

Nyapara wetu, Makame, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Yakhe, huyo si Bi Rukia! Pumu yake ndiyo ikilia hivyo hivyo. Hitma yake nshaisoma mimi, hapa hapa ukumbini, na pilau nkala. Sasa anadai nini tena?"

Watu walicheka. Wawili walicheka wakiwa tayari wako nje, wameacha makubadhi yao ndani.

Bi Kidawa alipanda ngazi mbio, kanga imemdondoka begani. "Iwasheni! Nakwambieni iwasheni, mtaniulia..." Akayameza yaliyobaki. Kisha akasema, "Mtaniulia nyumba kwa joto."

Bwana Viktor alikuwa ameshapata namba yake, akawasha. Mvumo ukarudi, msumeno ukazama ndani yake.

Jana tulifanya kinyume. Mashine tuliiacha ikizunguka, tukaziba midomo yote kwa turubai na udongo, chumba kwa chumba, mpaka ya msalani. Kisahani cha mita kilipunguza mwendo kidogo tu, kisha kikaendelea kuzunguka. Bwana Viktor akaandika alichokiona, tukabandua turubai, akaenda zake Kikwajuni. Mimi nikabaki na karatasi ya tatu.

Karatasi inasema kwamba midomo yote ikizibwa, mashine huzunguka bure, haivuti kitu, na umeme inaokula ni kidogo sana. Imetajwa namba. Ile tuliyoipata sisi ilikuwa mbali juu yake. Chini, kwa herufi ndogo: kipimo kikizidi, upo mdomo ulio wazi; fuata bomba mpaka uuone.

Nikapanda dari. Tuliziba tena mimi na wenzangu wawili, niliwaambia ni amri, nikaweka kiganja kwenye bomba moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yametulia. Moja lilitetemeka. Lilikuwa linashuka nyuma ya ghala ya chini, mahali ambapo hakuna chumba.

Nikaondoa mkono kama niliyeshika shingo ya mtu.

Wenzangu waliniuliza nimeona nini. Nikasema buibui.

Bwana Viktor si mtu mbaya, ila akiambiwa fuata bomba, atalifuata. Kule Kikwajuni alibomoa ukuta mzima kutafuta maji yasiyojaza kijiko. Nilijua akiipata karatasi hii Alhamisi, ukuta wa ghala utakuwa chini Ijumaa. Na mimi Jumamosi melini. Jana nililala nikijiambia kwamba ukuta wa watu haunihusu.

Leo nilifika Kiponda kabla ya wengine. Bi Kidawa alikuwa ukumbini anapanga vikombe. Nikamsalimu kutoka kwenye ngazi, kwa sauti kubwa ya kwetu, kama kila siku.

"Shikamoo, Bi Kidawa!"

"Marahaba."

Na kutoka ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, taratibu, na pumzi katikati: "Marahaba... mwanangu."

Shikamoo moja, marahaba mbili.

Bi Kidawa alianza kukohoa kwa nguvu kuifunika sauti ile, akachelewa. Kikombe kilimponyoka kikapasuka. Mimi nilikuwa nimeshageuka kukimbia, mguu mmoja uko hewani. Kilichonizuia ni kitu kidogo. Sijapata kusikia pepo anaitikia shikamoo. Aliyeitikia ni mtu, tena mtu aliyelelewa.

"Mwaka mzima kanyamaza," Bi Kidawa alisema. Alikuwa amekaa chini, juu ya vigae vya kikombe, wala hakujali. "Wamepita wapimaji, wamepita askari, hata kikohozi hakukitoa. Unakuja wewe na mdomo wako wa bara!"

"Sikujua, mama."

"Hawezi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini. Nshamkataza. Hawezi."

Akanieleza yote palepale, haraka haraka, kwa sababu Makame alikuwa njiani. Siku ya safari Bi Rukia alikataa kuondoka. Watoto walilia, mwisho wakaenda bila yeye, wakasema wameondoka naye. Nyuma ya ghala kuna chumba ambacho marehemu mumewe alikuwa akificha bidhaa, mlango wake uko ndani ya kabati. Hakina dirisha. Mdomo wa mashine ndio dirisha lake. Ilipozimwa Jumatatu, midomo yake yeye, ya mwilini, ilikuwa imeshageuka rangi ya zambarau.

Na habari za kufa?

"Nlizitoa mie. Ili asitafutwe."

"Na hitma?"

"Walikuja majirani wenyewe, ningewazuia vipi? Yeye akasikiliza kutoka humo mwanzo mpaka mwisho. Kanambia kila dua aliitikia amina, kimoyomoyo, asisikike."

Nilimtazama mwanamke huyu na nikaona baridi, katika joto hili.

Bi Kidawa ana mpwa wake Uroa, mke wa mtu wa kule, anayemjengea Bi Rukia chumba upande wa bahari, wenye upepo. Kuta zimesimama, paa bado. Masika yakianza kazi itasimama. Yakipita watamaliza na kumhamisha. "Nipe mpaka hapo," alisema Bi Kidawa. "Baada ya hapo bomoeni hata msingi."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia karatasi hii ndiyo kibali changu, na kwamba nina mtoto anayeolewa.

 Akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, anavitia kwenye ncha ya kanga. "Basi nenda kamuoze mwanao," akasema. "Mie sina cha kukushikia."

Na ukuta ukauliza, "Nani anaolewa?"

 Nilikuwa sijui nielekeze uso wapi.

"Mwanangu, Bi mkubwa. Mwajuma."

Nilisikia msumeno ule, taratibu sana, chini ya mvumo wa mashine. Anavuta. Anasukuma. Kisha: "Mungu amjaalie... mume anayesikia."

Makame aliingia akipiga mluzi, akauliza mbona Bi Kidawa amevunja kikombe, au na yeye amekorofishwa na Bi Rukia. Bi Kidawa akamwambia akamkorofishe mkewe. Sote tukacheka. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Nikakaa mezani nikaandika karatasi ya tatu kwa Kiingereza. Sehemu ya kuzunguka bure sikuiandika. Mahali pake nikaandika kwamba mashine hii haipimwi wakati wa joto wala wa mvua, kwa kuwa unyevu wa hewa huharibu kipimo. Iachwe ikizunguka bila kuzimwa mpaka masika yapite, kisha ndiyo ipimwe upya. Hakuna neno hata moja kati ya hayo katika Kifaransa chao. Ni kazi ya serikali, na nikigunduliwa sitaulizwa mara mbili.

Bwana Viktor aliisoma. Akairudia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema neno kwa neno. Akanitazama kitambo, akatazama juu kwenye mdomo wa ukumbini, pale kijikaratasi tulichokitundika kuonyesha hewa inavyopita kilikuwa kinavutwa ndani, kinaachiwa, kinavutwa. Sikujua kama ameniamini au amechoka. Akasema basi, tutapima masika yakisha, na wewe utabaki, maana nani mwingine atanisomea? Akafungua mtoto wa meza, akarudisha kibali changu ndani, akafunga.

Nilitegemea hilo. Bado lilinipiga.

Mchana nilikwenda posta nikampelekea ndugu yangu Kassim simu ya maandishi: nimekupa uwakala, muozeshe Mwajuma. Maneno mawili matatu ambayo hayakuhitaji tafsiri. Atauliza kwa nini, na mama yake Mwajuma atauliza zaidi, na mimi siwezi kuliandika jibu kwenye barua inayopita mikononi mwa watu. Watadhani nimepata mwanamke huku. Acha wadhani.

Siku ya ndoa ukumbi wetu utajaa, watanitaja jina, nami nitakuwa sipo. Bi Rukia katika hitma yake alau alisikia.

Naogopa. Sina sababu ya kuficha hilo hapa. Nimeweka sikio kwenye ukuta wa chumba changu kabla sijatoka nje, ukuta wa udongo tu, na nimesikia pumzi. Nilikaa hivyo kitambo ndipo nikatambua ni yangu.

Kesho nitapanda zile ngazi. Nitasema shikamoo kwa sauti ya chini, imtoshe Bi Kidawa peke yake, nisimtie mwenzake majaribuni. Kisha nitapanda dari niweke kiganja kwenye lile bomba, na kila siku nitafanya hivyo. Bi Kidawa ameahidi kwamba siku chumba kitakapobaki kitupu atauziba mdomo wake kwa ndani. Bomba likitulia, ndiyo ishara yangu, nitaandika karatasi mpya, ya kweli, na kudai kibali changu.

Naomba tu kiwe kitupu kwa sababu ya Uroa, si ya kaburi.

Nitarudi Ujiji mwezi wa Juni.