Kuku Weupe wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 9/6/2025
Wewe daftari, wiki mbili umelala chini ya godoro. Ulikuwa unangoja nani akuite? Sikujifunza herufi uzeeni, kanisani, ili wewe upate usingizi. Amka.

Parfait, mume wa binti yangu Eliane, ameleta kuku watatu weupe toka mjini Mbarara, ndani ya boksi. Miguu minene, hawajui kuchakura. Niliwatupia mchwa, wakakimbia. Kuku anaogopa nyama!

Mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Basi akamwambia Eliane aniambie, na mimi niko pale pale na sufuria: wakae mbali na wale wa zamani siku kumi na nne, wasinywe maji pamoja. Nikamwambia Eliane amwambie nimesikia. Kusikia, nilisikia.

Jumanne, 10/6
Kwetu Fizi kuku mgeni anafungwa mguu kwenye jiwe la mafiga siku tatu. Anazoea moshi, anazoea sauti yangu, basi. Jirani yangu hapa kambini, Cansilde, Mrundi, alichungulia jikoni: "Nyanya, hawa ni kuku ao ni magunia?" Nikamwambia magunia yana faida.

Ijumaa, 13/6
Nimewafungua. Mama Fizi, kuku wangu wa zamani, alishuka kwenye mayai yake kumi na moja, akamdonoa mnene mmoja kichwani, akanywa maji yao, akarudi kuatamia. Huyo ndiye kuku. Bibi yake nilimbeba kwenye kikapu tulipokimbia vita — nikisikia watu, namziba mdomo kwa kiganja. Kitu kingine cha Fizi sina. Weupe wamejificha nyuma ya choo. Bule kabisa.

Jumatano, 18/6
Mweupe mmoja anapiga chafya. Vumbi. Wa mjini hao.

Alhamisi, 19/6
Mama Fizi naye. Macho yamevimba, mdomo wazi, anakoroma. Mayai hataki kuyaacha.

Simu ya Eliane imezimwa. Nimempigia Parfait mwenyewe. Miaka tisa ya ukwe, mara ya kwanza. Akaitika: "Ndiyo, mama." Nikasema kuku anaumwa. Akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga matope: "Samahani mama. Wale bageni, mulibatenga?"

Nikasema sikusikii, mtandao mubaya.

Anakuja kesho na dawa, gari la kwanza mpaka Rwekubo, hapa kambini. Kijana ana heshima mingi, inaniudhi.

Weupe nimewafungia nyuma ya choo, na bakuli lao peke yao. Atawakuta wametengwa. Mama Fizi nimemweka karibu na mafiga, yeye na mayai. Nampa maji kwa kidole. Bado anameza.

Kesho usitoke chini ya godoro mpaka Parfait apande gari. Yeye amesoma. Na ukitoka, usiniulize ya siku kumi na nne. Uliza kwanza kama Mama Fizi anameza.