Kumshusha Mpiga Nyundo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Sanamu ya Mfadhili, mita nne, ya kusimama kwenye mzunguko mkubwa wa katikati ya mji. Mwenyewe yu hai, anakula vizuri na kulala vizuri, ila mji umeshindwa kusubiri afe. Amejenga stendi mpya pamoja na choo chake, kwa hiyo anastahili. Kamati imeniletea picha ya kufanyia kazi — ya miaka thelathini iliyopita. Nikauliza kama hakuna ya karibuni. Mwenyekiti akasema Mheshimiwa anaipenda hii. Bila shaka anaipenda. Humo ndani bado ana shingo.

Katibu akasema nisihangaike na shaba, ipo ya kutosha. Nikafurahi kama mjinga. Sikuuliza ipo wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua ilipo. Imesimama palepale kwenye mzunguko, imeinua nyundo.

Mpiga Nyundo wa Baba! Atashushwa, atakatwa vipande, atayeyushwa, kisha atamiminwa kwenye kalibu yangu atoke Mfadhili. Katibu alinieleza kama mtu anayehamisha kabati. Na mkataba nimeshasaini. Ukurasa wa nne, maandishi ya ukubwa wa sisimizi: "shaba itatokana na mnara uliopo." Kumbe mimi ni msomi wa kurasa tatu.

Baba ana miaka themanini na moja. Sanamu zake nyingine zilikuwa za plasta, mvua imezila zote. Imebaki hii moja. Anaishi kwangu, chumba cha mbele, na leo ameniuliza kazi mpya itasimama wapi. Nikasema kamati bado inajadili. Uongo ulitoka vizuri mno, bila hata kikohozi. Naona aibu.

Jumanne, 11 Machi

Udongo unapanda. Kamati imekuja karakana kukagua, watu saba. Mwenyekiti anataka kitambi kipungue. Mjumbe mwingine anasema kisipungue sana, watu watauliza huyu nani. Kisha likaja suala zito: sanamu itazame wapi? Ikitazama benki, hospitali inapewa mgongo, na daktari mkuu ni shemeji yake Mwenyekiti. Wamejadili makalio ya Mheshimiwa kwa dakika arobaini. Hakuna anayeyataka. Itaundwa kamati ndogo.

Baba alikaa pembeni mpaka walipoondoka. Akainuka, akalipapasa sikio la udongo — macho yamemchoka, siku hizi anaona kwa vidole. Akasema, sikio zuri hili. Maisha yangu yote Baba hajanisifu bila kuweka "lakini" nyuma yake. Nikaingoja hiyo "lakini". Haikuja. Nikaenda kunawa mikono, nikalia.

Jumamosi, 15 Machi

Dada amepiga simu. Anasema nimwambie mzee mapema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema vizuri, njoo umwambie wewe, wewe ndiye mkubwa. Akasema hanisikii, mtandao unakatika. Mtandao wa dada yangu una akili sana.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia! Wakati wa chai. Dawa zake za presha nilikuwa nimeziweka karibu, na namba ya teksi nimeiandika kwenye kiganja.

"Wanamyeyusha?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Mzima mzima? Na mikono?"

"Na mikono, Baba."

Akacheka! Akacheka mpaka chai ikamwagikia magotini. Akasema miaka thelathini na nane ameingoja siku hii. Kisha akanipa siri ambayo hata marehemu Mama hakuijua: Mpiga Nyundo ana mikono miwili ya kushoto. Siku mbili kabla ya uzinduzi, kalibu ya ngumi ya kulia ilipasuka. Muda hakuna, wakubwa wameshaalikwa. Basi akaimimina ile ya kushoto mara mbili. Moja ikaning'inia kiunoni, nyingine ikapandishwa juu na nyundo yake. Nani atakagua kidole gumba kilichoko mita tano hewani?

Hakuna aliyekagua. Na mimi, mchongaji wa miaka ishirini na miwili, napita chini yake kila siku. Nikavaa viatu, nikaenda kutazama. Kushoto. Na kushoto! Pale chini nilisimama na macho yangu mawili ya mapambo.

Baba anasema ndiyo sababu hupita njia ya nyuma, ya sokoni, asionane naye. Sisi nyumbani tulidhani anapenda kuchagua nyanya.

Jumapili, 23 Machi

Baba amekuwa kijana. Anaimba bafuni. Kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi hadi Ijumaa. Nimetua mzigo.

Cha ajabu, sasa ninayeumia ni mimi. Tangu niijue ile mikono nampenda Mpiga Nyundo kuliko zamani. Mfadhili nimempa vidole sahihi, mikono sahihi, shingo ya msaada. Na hana uhai hata wa kufukuza nzi.

Ijumaa, 28 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Naandikia ndani ya lori la kubebea vipande.

Kreni ilikuja mapema. Mwenyekiti yupo, Katibu yupo na faili lake, fundi wa kukata chuma yupo na mitungi yake ya gesi. Baba amekuja na suti. Mkanda umezungushwa kiunoni mwa Mpiga Nyundo, bolti tatu kati ya nne zimefunguliwa. Baba akaomba apandishwe kidogo kwenye kikapu cha kreni, alishike kosa lake kwa mara ya mwisho. Wakampandisha, fundi akimshika koti. Akaipapasa ile ngumi ya juu, kidole gumba, viungo vyote, polepole. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliposhushwa alikaa kwenye msingi wa saruji, akaukumbatia mguu wa shaba, akasema subirini kidogo. Sasa ni dakika arobaini.

Magari yanapiga honi pande zote. Mwenyekiti ameniambia niongee na mzazi wangu, kuna ratiba. Katibu amenifungulia ukurasa wa nne. Nimeenda, nimechuchumaa, nikasema: Baba, si ulisema umeingoja siku hii miaka thelathini na nane?

"Nilisema hivyo kwa ajili yako, mwanangu. Ufanye kazi yako bila kuniangalia usoni."

"Na ile mikono?"

"Mikono ni kweli," akasema. "Lakini ni yangu."

Nikawaambia nakuja, nafuata kalamu. Ndiyo hii. Mchongaji wa mji, amejificha kwenye lori anaandika kama mtoto aliyevunja sahani.

Dereva wa kreni amegonga kioo. "Dada, nivute au nisivute?" Kwa nini mimi? Mwenyekiti yuko pale, ana cheo, ana kofia ya plastiki! Anasema Mwenyekiti amemtuma kwangu, sanamu ni ya ukoo wangu na kazi ni yangu, mwenye neno ni mimi. Wote wamegeuka wananitazama. Baba peke yake hanitazami. Ameelekeza uso upande wa pili kwa makusudi.

Nimemwambia dereva asubiri, namalizia sentensi. Amegonga tena. Mafuta yanaungua, dada, sema moja, ndiyo au —