Kuku kwenye Tanuru la Mhunzi

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Tunduma tu wazima, na kifua cha mama yako kimepoa. Umeuliza kwa nini naipita supamaketi nikanunue sukari kwa jirani yetu Mama Neema, na bei yake imezidi kidogo.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana kule Mbozi, yalikuja majembe ya dukani, yanang'aa, tena rahisi. Kijiji kizima kikamwacha mhunzi wetu. Akazima moto, akaenda kutafuta kazi migodini. Mvua zilipoanza, majembe yakapinda. Mwenye duka akatuambia, "Mimi nauza, sitengenezi." Tukakimbilia kwa mhunzi, tukidhani labda amerudi. Tukakuta kuku wanajigaragaza kwenye majivu ya tanuru lake.

Kesho nakwenda kwa Mama Neema. Nicheke ukitaka. Wewe kuku wale hukuwaona.

Bibi yako