Shimo Lizungukalo na Mguu wa Mama

Mwakirunge, Kisauni,
Mombasa.
12 Machi 1992

Mpendwa Kaka Ghalib,

Shikamoo, na salamu nyingi za amani. Je, kifua chako na baridi ya huko vimepatana? Sisi twapumua, alhamdulillahi. Mwanangu Tumu anaota meno, halali wala hatuachi tulale. Ukiona mwandiko umepinda, ni yeye yuko pajani.

Barua yako imefika. Kurasa nne, kaka! Nilikuuliza jambo moja: daktari asema mguu wa Mama ukatwe kabla uozo wa sukari haujapanda gotini, naye Mama hataki mpaka mwanawe wa kiume atoe neno, kama ilivyo desturi yetu. Wewe umenijibu habari za shimo jeusi la angani. Mguu umeupa mstari mmoja, chini kabisa: "Tutazungumza nikija."

Mama aliniamuru nimsomee yote. Nikamsomea. Kwamba shimo hilo lameza kila kitu, hata mwanga hautoki. Kwamba lazunguka, na likizunguka lazisokota nyuzi za sumaku zilizo kando yake, na huenda nyuzi hizo ndizo zirushazo ile miali mirefu pande mbili, mnayoiona kwa darubini kutoka mbali ajabu.

Mama alikuwa akisokota kamba ya makumbi ya nazi, kamba hizo hizo alizouza zikakusomesha. Akacheka: "Wallahi, Ghalib kaenda hadi Ulaya kujifunza kusokota!"

Kisha akauliza, nguvu hizo zatoka wapi, ikiwa ndani hakutoki kitu? Nikarudi nyuma kutafuta. Umeandika mwenyewe: zatoka kwenye kule kuzunguka kwake, na kila likitoa, mwendo wake wapungua.

Mama akaiweka kamba chini. "Nami nishachoka kuzunguka," akasema. "Johari, neno toa wewe."

Mimi nimfungaye kidonda, nimpelekaye msalani na mtoto mgongoni, sikuwahi kuulizwa. Sasa nimeulizwa, na nimejibu. Atakatwa Jumatatu. Barua hii itakufika baadaye, kwa hivyo usijisumbue kukataa.

Nina hasira nawe, na nakupenda, vyote viwili. Miali yako yaonekana hata huku, watu wakusifu kila siku. Aliyezunguka hakuna amuulizaye.

Mume wangu Mwinyihaji akusalimu, na vumbi lake la machimbo. Shangazi Waridi pia. Mola akuhifadhi, na akulainishe moyo.

Ukija utamkuta ana mguu mmoja. Lakini inshallah utamkuta.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata nikikasirika,
Johari