Peasi la Sabuni Kwenye Mfuko wa Rehema

Mama,

Leo ni Idd pili, Idd yetu ya kwanza bila wewe. Nakuandikia wewe kwa sababu wengine wote watanigombeza. Wewe pia ungenigombeza, lakini ungenipa chai kwanza.

Sabuni za zawadi kwa watoto wa madrasa nilizitengeneza, usidhani niliacha. Nilikwangua miche ya sabuni, nikaikanda na maji ya moto kidogo kama unga wa chapati. Ila kile kibao chako cha kukandamizia sabuni, chenye umbo la kinyonga, sikukitumia. Nilikuwa nakiona kibaya, Mama. Kila Idd watoto walimpokea kinyonga wako wa kijani kwa makelele, wengine wakikimbia, na wewe ukicheka huku umeshika kiuno. Mimi nilitaka kitu cha kupendeza. Nikafinyanga mapeasi ya njano yenye wekundu ubavuni, karafuu moja juu ikawa kikonyo. Nilijisifu peke yangu jikoni.

Asubuhi wifi Amina alikuwa anarudi kwao Mtae na binti yake Rehema, mjukuu wako, ambaye sasa ana miaka mitatu na maneno mengi kuliko sisi sote. Nikawafungia mapeasi ya kula njiani, na kati yake, mfuko huohuo, nikaweka moja la sabuni. Sikumwambia wifi. Nilitaka aligundue mwenyewe acheke. Wakapanda basi dogo wakaondoka.

Haikupita muda akaja jirani yetu Bi Mwanaidi kunipa mkono wa Idd. Nilipoingia ndani kuleta chai, akachukua peasi kwenye sinia la sabuni zilizobaki, akauma. Nikamkuta anatema povu na kunilaani. Nikaanza kucheka. Kisha nikaukumbuka ule mfuko, na kicheko kikakatika.

Nikampigia wifi, hapatikani. Nikapiga tena na tena. Unaijua ile barabara, simu inakufa kila kona. Na watu garini wangeona nini zaidi ya mtoto anayekula tunda? Halafu ile karafuu, Mama. Akilini niliiona imemkwama Rehema kooni. Nikapanda bodaboda na kanga yangu ya jikoni, nikimsihi dereva aongeze mwendo kwenye utelezi ule, na njia nzima nilikuwa nakuita wewe badala ya kuomba dua. Mungu anisamehe.

Tukalikuta gari limekwama kwenye matope, abiria wanasukuma. Wifi alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, Rehema mapajani, mdomo wa mtoto umelowa. Nikaruka kutoka kwenye bodaboda. Nikauliza amekula nini. Wifi akanyoosha mkono wake, umejaa povu.

"Wifi, huyu kakataa kula tunda mpaka lioshwe. Anasema bibi hataki. La kwanza nimeliosha, kala. Hili la pili nalimwagia maji, naona povu."

Mama. "Osha kwanza, lina dawa." Kila siku ulisema hivyo, hata kwa matunda ya mti wetu ambao haujawahi kupuliziwa dawa, na sisi tulikucheka. Nilikaa palepale kwenye matope nikalia. Rehema akanipangusa uso kwa kiganja cha sabuni, macho yakaniwasha, nikazidi kulia.

Jana nilipowagawia watoto wa madrasa niliwaambia kuwa ni sabuni, lakini wana wadogo zao nyumbani. Kwa hiyo nimeshinda nikipita mlango kwa mlango hapa Lukozi kuyakusanya mapeasi yale, na yote nimeyapata. Sikuwahi kukuuliza kwa nini kinyonga. Sasa najua. Hakuna mtoto wa milima hii atakayemtia kinyonga mdomoni.

Nakuaga, Mama, nikaanze kukwangua miche mingine. Kibao chako nimekiosha, kinakauka dirishani, na nakuahidi hakitakaa kabatini tena. Kesho watoto watapiga kelele, na mimi nitashika kiuno.

Mwanao,
Mwajuma