Maji ya Wodi ya Watoto

Gudele, Juba
3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi nimeusahau. Apajok anaota meno, anang'ata kila kitu, hata kidole cha babake.

Nimepeleka jina lake parokiani abatizwe Pasaka, aitwe Rejoice. Katekista Cirillo akatuuliza wazazi: kuna mtoto aliyewahi kumwagiwa maji hospitalini? Sikuinua mkono. Wewe umefundisha dini miaka mingi huko Kitale, niambie. Mtu asiye padri akimmwagia mtoto mgonjwa maji na kutaja Utatu, huo ni ubatizo au ni maombi tu?

Josline wa mitumba anarudi Juba wiki ijayo. Mpe jibu, tena la kweli.

Binti yako,
Achol

Kitale
11 Februari 2025

Mwanangu Achol,

Goti linanung'unika tu, kama marehemu baba yako. Mwambie Makuach avumilie. Wewe ulipoota meno ulimng'ata padri.

Ndiyo, huo ni ubatizo kamili. Unaitwa ubatizo wa dharura. Mtoto akiwa karibu kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza: maji halisi, maneno ya Utatu, na nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Unaacha alama isiyofutika, ndiyo maana haurudiwi. Mengine hukamilishwa kanisani akipona: mafuta ya krisma, maana yake sasa ni wa Kristo, vazi jeupe, kwamba amekuwa kiumbe kipya, mshumaa, aende katika mwanga.

Naona umeshajua. Apajok nilimbatiza mimi, ile siku ya Oktoba alipozidiwa wodini, asubuhi ulipotoka kutafuta dawa. Maji ya chupa, vifuniko vitatu. Nikamwita Natalina, jina la marehemu mdogo wangu, ili huko aendako awe na wa kumpokea. Kisha ukarudi nikakuambia atapona.

Nisamehe.

Mama yako

Kitale
20 Machi 2025

Mwanangu,

Mko wazima? Josline amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema ulimuuliza kama goti langu limepoa. Basi umekasirika, lakini si sana.

Padri akitaka shahidi, nitaandika. Ukitaka jina lile lisitajwe, sitabisha.

Mama yako

Gudele, Juba
2 Aprili 2025

Mama,

Tu wazima, na meno yamefika manne. Pole na goti.

Nilikasirika sana, usijipunguzie. Si kwa sababu ya maji. Siku ile sikuwa na kitu cha kushika ila neno lako, atapona. Kumbe ulikuwa umeshampangia wa kumpokea.

Nimekaa kimya kwa sababu nami nina langu. Sikuwa nimejua chochote nilipokuandikia. Nilikuwa naulizia yangu. Jioni ile ile ulipoenda kunywa chai, nilimmwagia maji na kusema yale maneno. Uliporudi nikakuambia amechangamka kidogo. Hakuwa amechangamka.

Nilimweleza Padri yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mmekaa kando ya kitanda kimoja siku nzima, kila mmoja anambatiza mtoto kwa kujificha." Ubatizo ni wako wa asubuhi, wangu, anasema, ulikuwa maji na machozi. Jina, tuandikishe tunalotaka sisi wazazi.

Makuach anapenda Rejoice. Nimemkatalia. Mama mdogo Natalina ulimwita wewe aje ampokee mtoto; mimi naona alikuja, akamwangalia, akaturudishia. Mtu wa hivyo hanyimwi jina.

Pasaka anapakwa krisma. Barua ya ushahidi siitaki, njoo mwenyewe useme mbele ya Padri. Na siku nyingine ukiogopa, niambie, tuogope pamoja. Nami nitakuambia.

Binti yako,
Mama Natalina